Jino la Pembe na Jicho la Mashine

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii imezoeleka katika mihadhara ya fasihi simulizi, ambako kwa kawaida hufafanuliwa kuwa kitu cha kuazima hakiwezi kuchukua nafasi ya kile cha asili. Ni nadra mhadhiri au mwanafunzi kutua na kuitazama kama habari ya kinywa. Hata hivyo, methali hii ina ushahidi ndani yake: yupo mtu aliyetia jino la bandia penye pengo, na yupo mwingine aliyelitazama akalitambua papo hapo kuwa si la mwenyewe. Jino hilo lilijaza nafasi, lakini halikulidanganya jicho.

Siku hizi pembe haitumiki tena. Meno ya bandia hutengenezwa kwa kauri, zirkonia na plastiki ngumu, na umbo lake huchongwa na mashine kwa ustadi mkubwa. Kilichobaki kuwa kitendawili ni rangi. Ili kukitegua, viwanda vya ng'ambo vimeleta vifaa vya kidijitali ambavyo hugusishwa kwenye jino na kutaja rangi yake kufumba na kufumbua. Sifa zinazomiminiwa vifaa hivi ni nyingi: kwamba havichoki, havipendelei wala havikosei. Makala haya yanashikilia kwamba sifa mbili za kwanza ni za haki, na ya tatu si ya haki. Yanashikilia pia kuwa kosa la kuiamini sifa hiyo ya tatu halitarekebishwa na waunda vifaa peke yao. Sehemu yake moja ni kosa la lugha, na kwa hiyo linawahusu wasomi wa Kiswahili.

Rangi ya jino ni nini?

Mtu wa kawaida akiulizwa rangi ya meno atajibu kuwa ni nyeupe. Sifa za urembo zimemzoesha hivyo, kwani meno ya mrembo hulinganishwa na maziwa, lulu au theluji. Jino halisi si jeupe kiasi hicho. Sehemu yake ya ndani, iitwayo dentini, ina umanjano. Gamba la nje, yaani enameli, hupitisha sehemu ya mwanga mithili ya kioo chenye ukungu. Jicho linapolitazama jino huupokea mwanga uliopenya gamba, ukatawanyika ndani na kisha ukarejea nje. Ndiyo sababu jino limekolea karibu na ufizi, ambako gamba ni jembamba, na linaelekea kuwa angavu kwenye ncha. Chonge hukolea kuliko meno ya mbele yaliyo jirani yake. Meno ya mzee nayo hukolea kuliko ya kijana, kwa kuwa gamba hulika na dentini huongezeka kadiri umri unavyosonga.

Wanaoshughulikia rangi kitaalamu huipima kwa mihimili mitatu. Mhimili wa kwanza ni aina ya rangi, kama vile manjano au nyekundu. Wa pili ni weupe wake, yaani ilivyo karibu na nyeupe au nyeusi. Wa tatu ni mkolezo, yaani nguvu ya rangi hiyo. Mpangilio huu ulielezwa na mchoraji na mwalimu wa Marekani, Albert Munsell, katika kitabu chake cha mwaka 1905. Katika meno, mhimili wa weupe ndio unaotangulia, kwa kuwa jino la bandia lililokosea weupe hutambulika hata kwa mbali.

Mwaka 1956 kampuni ya VITA ya Ujerumani ilitoa seti ya vibao 16 vyenye umbo la jino, vilivyogawanywa katika makundi manne kwa herufi A hadi D. Kundi la A lina wekundu wa kahawia, B wekundu wa manjano, C kijivu, na D wekundu uliochanganyika na kijivu. Daktari hushika kibao kando ya jino na kuuliza kama vinafanana. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilitoa mfumo mpya unaoanza na weupe kabla ya mkolezo na aina ya rangi, lakini orodha ile kongwe ya 16 ndiyo iliyoendelea kuwa lugha ya kawaida ya kliniki nyingi duniani.

Udhaifu wa jicho

Haki na itendeke kwa mashine kwanza. Jicho la binadamu ni shahidi anayeyumba. Linapoikazia rangi moja kwa muda huichoka, na hukumu yake hubadilika baada ya sekunde chache tu. Rangi ya mdomo, ya nguo na ya ukuta wa chumba huipotosha. Mwanga nao una hila zake: jino la asili na la kauri yanaweza kufanana chini ya taa ya kliniki na kuachana mbele ya jua la saa sita mchana. Isitoshe, yapata wanaume 8 kati ya kila 100 wenye asili ya Ulaya wana upungufu wa kutofautisha rangi, na daktari anaweza kuwa mmoja wao.

Ushahidi wa udhaifu huu umepatikana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, madaktari watatu walichagua rangi ya meno ya mbele ya wagonjwa 30, kila mmoja peke yake. Waliafikiana wote watatu kwa asilimia 26.6 tu ya wagonjwa. Meno hayo hayo yalipopimwa mara tatu kwa spektrofotometa, yaani kifaa kinachopima mwanga unaorejeshwa katika kila sehemu ya upinde wa rangi, majibu yaliafikiana kwa asilimia 83.3. Mtu anayepuuza tofauti hiyo hawezi kudai kuwa anawajali wagonjwa.

Uthabiti si usahihi

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Takwimu za mwaka 2002 zinaonyesha kwamba mashine hukubaliana na nafsi yake. Hizo peke yake hazitoshi kuthibitisha kwamba mashine hukubaliana na ukweli. Mambo haya mawili ni tofauti, na Kiswahili kina maneno ya kuyatenganisha: la kwanza ni uthabiti, la pili ni usahihi. Saa inayotangulia kwa dakika kumi kila siku ni thabiti kabisa, lakini anayeifuata hatafika kwa wakati.

Tofauti hii ilidhihirika katika utafiti wa Kim-Pusateri na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2009. Watafiti hao walivilinganisha vifaa vinne vya kupimia rangi ya meno kwa kutumia vibao ambavyo rangi zake zilikuwa zinajulikana. Vifaa vitatu kati ya vinne vilikuwa na uthabiti unaozidi asilimia 96. Usahihi ulikuwa habari nyingine: ulitawanyika kutoka asilimia 67 hadi 93. Kwa maneno mengine, kipo kifaa kilichotaja jina lisilo sahihi mara moja katika kila mara tatu. Na hivyo vilikuwa vibao vilivyotulia mahali pamoja, visivyo na mate, ulimi wala mgonjwa anayetikisa kichwa.

Sababu za kukosea zinaeleweka. Kwa kuwa jino hupitisha mwanga, sehemu ya mwanga unaotolewa na kifaa huingia jinoni, husambaa kando na kutokea nje ya eneo ambalo kifaa kinalitazama. Mwanga huo haurudi kuhesabiwa, na jino husomeka kuwa jeusi kuliko lilivyo. Uso wa jino umejipinda, hivyo kifaa kikiinama kidogo jibu hubadilika. Jino lililoachwa wazi kwa dakika kadhaa hukauka na kuwa jeupe zaidi, na mashine hulipima katika hali hiyo bila kujua kuwa siyo hali yake ya kila siku.

Ipo pia sababu ambayo mwanafunzi wa leksikografia ataitambua upesi. Mashine inaweza kuzihesabu tofauti ndogo mno za rangi, lakini mara nyingi hulazimika kutoa jibu lake kwa majina yale yale 16 ya mwaka 1956. Hali hiyo ni sawa na ya mfasiri hodari aliyepewa kamusi yenye vidahizo 16. Atachagua kilicho karibu, na msomaji atadhani kuwa ndicho kilichokusudiwa. Aidha, jina moja halina rangi moja: kauri za viwanda viwili zinazobeba herufi na tarakimu zile zile hazilingani sawasawa, na unene wa kauri pamoja na rangi ya kisiki cha jino kilicho chini yake hubadilisha matokeo. Kipimo sahihi kinaweza kuishia kwenye jino lisilofanana na wenzake.

Nani hakimu wa mwisho?

Watetezi wa vifaa huweza kujibu kuwa dawa ya haya yote ni kuachana na majina na kushika namba. Tangu mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Mwanga imekuwa na mfumo unaoiweka kila rangi mahali pake kwa namba tatu, na umbali kati ya rangi mbili huhesabiwa kama vile umbali kati ya miji miwili kwenye ramani. Hoja hii ina uzito. Namba hazina mazoea wala chuki.

Lakini umbali peke yake hausemi lolote mpaka mtu aamue ni umbali gani ulio mkubwa. Uamuzi huo ulitafutwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha madaktari, wanafunzi wa udaktari wa meno, mafundi wa meno ya bandia na watu wasio wa taaluma hiyo. Ilibainika kwamba nusu ya watazamaji huanza kuigundua tofauti inapofika 1.2 katika mfumo huo, na nusu huikataa inapofika 2.7. Kati ya namba hizo mbili pana uwanja ambamo mtu anaona tofauti na bado anairidhia. Namba hizo hazikutoka ndani ya mashine. Zilipatikana kwa kuwauliza watu wanaona nini na wanakubali nini. Mashine inapojigamba kuwa imepata jibu lililo ndani ya mipaka inayokubalika, mipaka hiyo iliwekwa na macho yale yale yanayodaiwa kuwa yamepitwa na wakati.

Meno ya Bonde la Ufa

Nchini Kenya suala hili lina sura ambayo vitabu vingi vya ng'ambo haviigusi kwa kina. Katika Bonde la Ufa, hasa maeneo ya Nakuru, Naivasha na Elementaita, miamba ya volkano huachilia floridi kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani limependekeza kuwa maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika lita moja, lakini visima vingi vya bonde hilo hupita kiwango hicho. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika chini ya ufizi huota meno yenye michirizi meupe kama chokaa, madoa ya manjano au mabaka ya kahawia. Si uchafu, na mswaki hauyaondoi. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imewahi kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ili kupunguza floridi katika maji, na juhudi kama hizo huwafaa watoto wanaozaliwa. Mtu mzima ambaye meno yake yameshaumbika hubaki nayo.

Na achukuliwe mgonjwa wa aina hii: mwalimu wa shule ya msingi aliyekulia kando ya ziwa, ambaye amepoteza jino moja la mbele katika ajali ya pikipiki. Vifaa vingi hupima kijiduara cha milimita chache. Kikiwekwa kwenye mchirizi mweupe, kifaa kitataja rangi moja. Kikisogezwa hadi kwenye baka la kahawia, kitataja nyingine. Vipimo vyote viwili ni sahihi, na hakuna hata kimoja kinachosema rangi ya jino. Vibao 16 navyo havikutengenezwa kwa kuyafikiria meno yenye mabaka. Kinachohitajika hapa ni ramani: doa liko wapi, limekolea kiasi gani, kingo zake ni kali au zimefifia. Vipo vifaa vinavyopiga picha ya jino zima na vinaweza kusaidia, lakini fundi aliye mbali na mgonjwa bado atahitaji maelezo ya maneno.

Zaidi ya hayo, kuna swali ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulipima. Je, jino jipya lifanane na jirani zake wenye mabaka, au liwe jeupe? Mgonjwa mmoja atataka kufanana, kwa kuwa jino jeupe peke yake katikati ya meno ya kahawia ni tangazo. Mwingine ameteswa na dhihaka tangu utotoni, na kwake kuombwa alipie jino lenye madoa ni kama kuombwa ainunue dhihaka hiyo upya. Wa tatu atataka meno yote ya mbele yavikwe kauri, iwapo kipato chake kinaruhusu. Kila mmoja ana haki ya kusikilizwa kabla ya kipimo kuchukuliwa. Na ili asikilizwe, sharti awe na maneno.

Deni la lugha

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapodaiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, madaktari hufunzwa kwa Kiingereza, na mgonjwa anayejieleza kwa Kiswahili huishia kusema kuwa anataka jino zuri. Daktari huitikia, huandika herufi na tarakimu, na mazungumzo huishia hapo.

Mara nyingi hudaiwa kuwa Kiswahili ni maskini wa rangi. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti wao maarufu kuhusu majina ya msingi ya rangi. Lugha 20 zilichunguzwa kwa kuwaonyesha wazungumzaji wake vibao vya rangi vya Munsell, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwazo. Miongoni mwa vigezo vyao, wanaisimu hao waliyatilia shaka majina ya rangi ambayo pia ni majina ya vitu. Kwa kigezo hicho, sehemu kubwa ya hazina ya Kiswahili inatiliwa shaka: manjano ni kiungo cha jikoni, kahawia inatokana na kahawa, kijivu na jivu, kijani na jani.

Lakini kinachoonekana kuwa upungufu katika nadharia ile ni nguvu katika kazi hii. Kuitaja rangi kwa kukionyesha kitu ndiyo mbinu ile ile ya vibao vya mwaka 1956. Mswahili anayesema rangi ya malai, ya maziwa ya mgando, ya mbegu ya boga au ya chai iliyochujuka anashika kibao mkononi, ila kibao chake kiko katika kumbukumbu ya jamii nzima. Kiswahili pia kina vitenzi vinavyotenganisha mihimili ya Munsell bila kutafuta msaada nje: rangi hukolea, hufifia, hupauka, huchujuka, hung'aa. Kina tanakali za kutilia mkazo, kama nyeupe pe na nyeusi tititi. Kinachokosekana ni mpangilio uliokubaliwa.

Kuukosa mpangilio huo kuna hatari. Neno la Kiingereza linalotumiwa na madaktari kwa kiwango cha rangi ya jino lina maana nyingine ya kivuli, na mfasiri wa haraka au programu ya tarakilishi inaweza kuandika kuwa daktari atachagua kivuli cha jino. Msomaji atacheka, na mgonjwa atatatanika. Maneno kama kiwango cha rangi, weupe, mkolezo na upenyevu wa mwanga yanatosha kuanzia. Yajaribiwe katika vyumba vya madaktari, na yasiyofaa yatupwe.

Wapo watakaosema kuwa idara ya Kiswahili iwaachie madaktari meno yao na ibaki na mashairi yake. Rai hiyo husahau kuwa kliniki ni mahali pa mazungumzo kabla ya kuwa mahali pa vifaa. Wengine watasema kuwa vifaa vinaboreshwa kila uchao na upungufu huu utakwisha. Huenda makosa ya kupima yakapungua sana. Swali la mwalimu yule wa kando ya ziwa halitapungua, kwa sababu halikuwa swali la kupima.

Hitimisho

Vifaa vya kidijitali visitupwe. Daktari mwenye uwezo wa kuvipata avitumie, lakini avitumie kama shahidi mmoja kati ya watatu. Rangi ichukuliwe mwanzoni, kabla ya jino kukauka. Jicho lilinganishe kibao karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, na picha ipigwe kibao kikiwa kando ya jino ili fundi aone vyote pamoja. Kisha mgonjwa aulizwe, kwa lugha anayoimudu, anaona nini na anataka nini. Mashahidi hao wakipingana, mazungumzo yaendelee kabla ya kauri kuingia tanuuni, kwa kuwa baada ya hapo gharama ya kosa humwangukia asiyeweza kuibeba.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina la kufanya hapa. Vikae na wanafunzi wa udaktari wa meno, vikusanye maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia kueleza rangi ya meno yao, na vitoe faharasa fupi ya kurasa chache. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na inaweza kuwa na manufaa kuliko tasnifu kadhaa zinazolala rafuni. Wahenga walinena kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Hawakusema kuwa pengo lisitiwe jino. Walionya tu kwamba mwenye pengo ndiye ajuaye kama limezibika.